Yuda wa Sinema na Yuda wa Injili

Neno tunalowaletea leo lilianzia katika nyumba moja ya mbao karibu na soko la Ngungu, siku ya Jumatano ya Juma Takatifu. Hata ninyi ambao hamjafika kwetu mwaijua nyumba ya namna hiyo: mabenchi matano, blanketi limeziba dirisha ili mwanga usiingie, televizio juu ya meza, betri chini ya meza, na waya unaopanda mpaka kwenye sola juu ya mabati. Siku nyingine huonyeshwa mpira na sinema za vita. Juma hilo mwenye nyumba alitangaza kwamba ataonyesha mateso ya Bwana wetu Yesu Kristu, tena yakifasiriwa kwa Kiswahili, na watoto wakapita njiani wakiwaita watu. Sisi nasi tulikwenda. Tuseme ukweli, tulikwenda kupeleleza, maana katekista anayeona watu ishirini katika Njia ya Msalaba na watu themanini katika nyumba ya sinema hakai nyumbani kwake kwa amani.

Sinema yenyewe ni ile ya Mel Gibson ya mwaka 2004. Walioiona wanajua kwamba watu wake hawasemi Kifaransa wala Kiingereza. Wanasema Kiaramu, Kilatini na Kiebrania, na maneno ya kufasiria yanaandikwa chini. Katika chumba kile, hata mwenye kusoma Kifaransa hakuweza kuyafuata, kwa kuwa televizio ilikuwa ndogo na vichwa vilikuwa vingi. Watu wote basi walimtegemea kijana mmoja aliyekaa kando ya meza na kipaza sauti mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa Yesu, na Kayafa, na Petro, na Pilato. Ana kipaji, hatukatai. Alipolia kwa sauti ya Mama Maria, wamama walilia naye.

Lakini mapema kabisa, Yuda alipokuwa mbele ya makuhani wakuu, fedha zikamwagika naye akainama kuziokota, kijana yule alisema kwa mzaha: "Huyu hapa, mnamtambua?" Na kutoka benchi la nyuma sauti ikajibu kwa kutaja jina la kabila.

Watu wakacheka. Si wote. Mbele yetu mama mmoja alifunga kitambaa chake vizuri, akamshika mtoto wake mkono, akatoka bila kusema neno. Jina lile hatutaliandika hapa. Tukiliandika, kila msomaji ataangalia kwanza kama ni lake au ni la jirani yake, na hatasoma tena mengine. Wanaoijua Masisi wanajua kwamba sisi sote tunakaa katika milima ile ile, tunauziana viazi, maharagi na jibini, na watoto wetu wanabatizwa kwa maji ya kisima kimoja. Wanajua vilevile kwamba tangu mwaka 1993, moto ulipowaka Ntoto katika Walikale na kuenea mpaka kwetu Masisi, jina la kabila likitajwa gizani si mzaha tena.

Baada ya Pasaka habari ilifika kwenye mkutano wa wasimamizi wa mashirika, na hapo ugomvi ulizaliwa, ambao haujaisha mpaka leo. Wengine walisema: Padri atangaze katika Misa kwamba Mkristu haruhusiwi kuingia katika nyumba ile, na mwenye nyumba asipokee Komunyo mpaka afunge. Wengine, hasa vijana, walijibu kwa hasira kwamba sinema ya Yesu ni Injili yenyewe. Tena ni bora, kwa maana katika kitabu unasoma tu, lakini hapa unaona kwa macho yako. Kuhusu lile neno la kabila, wa kwanza walisema ni kosa la sinema, wa pili walisema ni kosa la mpumbavu mmoja. Hapo tuliona kwamba pande zote mbili zimekubaliana katika jambo moja, yaani kutolizungumza.

Sisi hatukubaliani na upande wowote, na twataka kusema sababu.

Tuanze na wenye kukataza. Ndugu zetu hawa wanasema sinema ni kitu kipya kilichokuja kuharibu misioni. Si kipya hata kidogo. Babu zao waliiona sinema kwanza kwa mikono ya misioni. Katika miaka ya 1940 na 1950, nchi ikiwa chini ya Wabelgiji, mapadri wamisionari walizunguka Kongo na mashine za kuonyeshea picha, wakatundika kitambaa cheupe uwanjani, na watu wakakaa chini usiku. Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut, kule Kasai, alitengeneza hata sinema za kuchekesha za Matamata na Pilipili, ambazo wazee bado wanazikumbuka. Na kando ya kitambaa alisimama nani? Alisimama mtu wa kuwaelezea watu kwa lugha yao, kwa kuwa sinema nyingi zilikuwa za kigeni. Basi kijana wetu wa Ngungu mwenye kipaza sauti hakuanguka kutoka mbinguni. Ana ukoo mrefu. Kule Dar es Salaam alijulikana Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu, ambaye alisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili kwa namna yake mwenyewe. Kampala wanao wengi. Na jirani zetu wa Rwanda wana sinema wanazoziita agasobanuye, yaani zilizofafanuliwa, aliyezipa sifa kubwa ni Nkusi Thomas, maarufu Yanga, aliyefariki mwaka 2022, na sauti yake iliingia mpaka katika nyumba zetu hapa milimani, maana Kinyarwanda hakihitaji kuvuka mpaka ili kifike Masisi, kipo.

Serikali ya Wabelgiji nayo ilijaribu kukataza. Sinema nyingi ambazo Mzungu aliruhusiwa kuziona, Mwafrika alikatazwa, eti akili yake haijakomaa, ataona wizi naye ataiba. Wazee wetu waliona aibu sana kwa sheria hiyo. Je, leo sisi wenyewe tuirudishe, tuwaambie Wakristu waliobatizwa na kupata Kipaimara kwamba hawana akili ya kuangalia picha?

Wala Kanisa halikusema hivyo. Baba Mtakatifu Pius XI aliandika barua yake juu ya sinema mwaka 1936. Pius XII aliandika nyingine tarehe 8 Septemba 1957, juu ya sinema, radio na televizio kwa pamoja. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo hivyo tarehe 4 Desemba 1963. Mababa hao walionya vikali juu ya ubaya, ndiyo. Lakini walitaka pia watu wafundishwe kuangalia na kupima wanachokiona. Mtu hafundishwi kupima kitu alichofichwa. Na tuulize tu: Padri akikataza, nani atakaa nyumbani? Watakaa nyumbani wale wamama wa Legio Maria ambao wangeweza kusimama na kusema, "Wewe kijana, neno hilo si zuri." Benchi la nyuma litabaki lilivyo.

Sasa tugeuke upande wa pili, na hapa kalamu yetu itakuwa kali zaidi, kwa sababu hawa wanasema wanaitetea Injili.

Kijana mpenzi, wewe unayesema kwamba umeiona Injili kwa macho yako, umeona nini? Umeona kunguru akimdonoa jicho mwizi mbaya msalabani. Tafuta kunguru huyo katika Injili zote nne. Utatafuta mpaka ndevu zako ziote mvi. Umeona shetani amebeba mtoto mwenye sura ya kutisha. Hayupo. Mambo mengine ya sinema ile yalitoka katika maono yanayosimuliwa juu ya Anna Katharina Emmerick, sista wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1824, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka huo huo wa 2004. Ni mwanamke mtakatifu, twamheshimu, lakini si mwinjilisti wa tano.

Au chukua ile ya Zeffirelli ya mwaka 1977, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya televizio na ambayo parokia nyingi zimeionyesha. Wengi wetu tukifumba macho kusali, uso unaotujia ni wa Robert Powell aliyeigiza humo, na macho yake ya buluu. Katika sinema hiyo yumo mwandishi wa sheria anayeitwa Zera, mjanja sana, ndiye anayemdanganya Yuda. Tulimsikia mkubwa mmoja wa shirika akimtaja Zera katika mafundisho, tena kwa uhakika, kama mtu anayemtaja Nikodemo. Zera alibuniwa na waandishi wa sinema. Walimweka hapo ili Yuda apunguziwe mzigo. Gibson naye alimwongezea Yuda watoto wanaogeuka kuwa pepo. Mmoja anapunguza, mwingine anaongeza, na kila mmoja anakuuliza bila kusema: je, unamwonea huruma au unamchukia? Injili haikuulizi hivyo.

Hatusemi haya ili kuwacheka wasanii. Kitabu kikiingia katika picha lazima kipewe nyama. Mtakatifu Luka hakuandika Petro alivaa nini, wala Magdalena alikuwa na uso wa namna gani. Mwenye sinema hawezi kumwonyesha mtu asiye na uso. Lazima achague. Ubaya huanza pale mtazamaji asipojua kwamba mtu fulani amechagua kwa niaba yake. Maria Magdalena ni mfano. Waulize Wakristu mia, wengi watakuambia alikuwa kahaba, wamemwona. Luka anasema tu kwamba alitokwa na pepo saba. Jambo la ukahaba lilitokana na kumchanganya na yule mwanamke mwenye dhambi asiyetajwa jina, na aliyewachanganya wazi katika mahubiri yake ni Papa Gregori Mkuu, katika karne ya 6, miaka zaidi ya elfu moja kabla ya sinema. (Kwa hiyo wahubiri nao wasijivune mno mbele ya wasanii.) Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai iwe sikukuu, kama za Mitume.

Hapa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Vijana waliorudi mwaka 2025 kutoka kambi za wakimbizi za Bulengo na Lushagala, kambi zilipovunjwa, walirudi na simu zao, na ndani ya simu walikuwa na mfululizo unaoitwa The Chosen, kwa Kifaransa. Umeongozwa na Dallas Jenkins, Mprotestanti wa Marekani. Anayeigiza Yesu ni Jonathan Roumie, Mkatoliki mwenzetu. Sehemu zake za kwanza zilitoka mwaka 2019, kwa zaidi ya dola milioni 10 zilizochangwa na watazamaji wenyewe. Mwanzoni kabisa waliandika onyo kwamba wameongeza mambo yao, na kwamba watazamaji wakasome Injili. Ni onyo la uaminifu. Linapita haraka, na asiyejua kusoma haliambii kitu.

Basi katika mfululizo huo Mtume Toma ana mchumba, jina lake Rama. Katika msimu wa nne, uliotoka mwaka 2024, Rama anauawa kwa upanga wa Mroma, na Yesu yupo pale pale, na hamfufui. Baadaye anamfufua Lazaro, na Toma anakasirika. Ng'ambo za bahari watazamaji walibishana sana juu ya jambo hilo, wengine wakasema waandishi wamevuka mpaka. Huku kwetu liliingia katika shirika. Jioni moja, tulipokuwa tukifundisha juu ya ufufuko, mama mmoja mjane alisimama. Mume wake aliuawa njiani akirudi kutoka sokoni. Akasema: "Mwalimu, niliona katika simu ya mtoto wangu. Yesu alimfufua Lazaro kwa sababu alikuwa rafiki yake. Yule msichana je? Na wangu je?"

Tulimjibu nini? Tulimjibu kwamba Rama hayumo katika Injili, kwamba ni hadithi ya Wamarekani, akae. Akakaa.

Usiku ule hatukulala vizuri. Jibu letu lilikuwa la kweli, na lilikuwa jibu la mtu mvivu. Tulipofungua Injili ya Yohane, sura ya 11, tukakuta kwamba swali la mama yule limo, tena mara tatu. Marta anamwambia Yesu kwamba kama angekuwepo, ndugu yake hangekufa. Maria anarudia neno lile lile. Na watu waliosimama kutazama wanaulizana: huyu aliyemfungua kipofu macho, hakuweza kumzuia huyu asife? Yohane hakuwanyamazisha. Aliandika maneno yao, yapo mpaka leo, na yanasomwa kanisani katika Kwaresima. Kumbe maoni ya watazamaji yameingia hata ndani ya Maandiko Matakatifu! Juma lililofuata tulimwomba mama yule atusamehe, tukasoma sura ile pamoja. Hatusemi kwamba alipata faraja. Alisema tu: "Kumbe nao waliuliza."

Tangu siku hiyo tunafikiri namna hii: sinema haimaliziki picha inapozimwa. Inamalizikia katika vinywa vya watu wanaotoka mlangoni, na njiani, na mtoni kesho yake. Pale ndipo Yuda anapopewa kabila, na pale ndipo mjane anapouliza swali lake. Sumu iko pale, na dawa iko pale pale. Anayefunga mlango wa sinema anafikiri amefunga vinywa. Anayesema sinema yatosha anaviacha vinywa viseme lolote. Wote wawili wamekimbia kazi.

Turudi kwa Yuda, maana tulipoleta neno hili katika mkutano, tulipata mpinzani wa kweli. Kijana mmoja aliyemaliza shule ya sekondari, msomaji mzuri, alisimama akasema: "Mwalimu, msimulizi alitania, lakini hakukosa kabisa. Iskariote wengine wanasema maana yake ni mtu wa Kerioti, mji wa kusini. Wale kumi na mmoja walikuwa wa Galilaya. Yuda peke yake alikuwa mtu wa kuja. Basi msaliti alikuwa mgeni." Na watu wakatikisa vichwa kumkubali, kwa sababu kusikia kwamba msaliti ni mgeni hupendeza masikioni.

Ni kweli wataalamu wengine wanalifasiri jina hilo hivyo, ingawa hawakubaliani wote. Tumpe basi kijana yule Kerioti yake, tumpe na mgeni wake. Asome mbele. Usiku ule ule, nani alikana mara tatu kwamba hamjui Yesu? Petro, Mgalilaya halisi, hata mtu mmoja alimtambua kwa Ugalilaya wake. Kesho yake nani alibeba msalaba nyuma ya Yesu? Simoni wa Kirene, mtu wa kuja, kutoka pande ambazo leo ni Libya, Afrika yetu hii. Nani alisimama chini ya msalaba akamtukuza Mungu, akasema kwamba hakika mtu huyu alikuwa mwenye haki? Akida wa Kiroma, mgeni, askari wa jeshi lililoikalia nchi. Na yule aliyemfunga majeraha mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, mwenye punda na mafuta na divai, alikuwa wa kabila gani? Luka, sura ya 10. Wala hakuna mwinjilisti mwingine aliyetusimulia habari hiyo. Ukitaka kuigawa Injili kwa makabila, utakuta kwamba watu wa nyumbani ndio waliokimbia.

Kuna jambo zito zaidi. Kwa karne nyingi Wakristu wa Ulaya walifanya kama lile benchi letu la nyuma. Walimtazama Yuda katika michoro na katika michezo ya Juma Takatifu, wakasema: ni wao, Wayahudi. Kisha wakatoka wakawapiga jirani zao Wayahudi, wakawafukuza, wakachoma nyumba zao. Chuki hiyo ya kale iliandaa njia kwa maovu makubwa ya vita ya 1939–1945, Wayahudi wapatao milioni 6 walipouawa. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Vatikano ulitamka wazi, katika hati iitwayo Nostra Aetate, kwamba mateso ya Kristu hayawezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote walioishi wakati ule bila kubagua, wala juu ya Wayahudi wa leo. Ndiyo sababu sinema ya Gibson ilipotoka ilizusha ugomvi duniani kote; hata yale maneno ya umati juu ya damu yake, yaliyo katika Matayo, yaliachwa katika Kiaramu bila kufasiriwa chini.

Msomaji wa Masisi, pima sasa. Kama Kanisa zima lilihitaji kusema kwamba kosa la wachache wa Yerusalemu si kosa la taifa lao, tutasemaje juu ya mtu wa Ngungu anayempa Yuda kabila ambalo Yuda hakuwahi kulisikia? Yuda hakuzaliwa Masisi. Hakuwahi kulima viazi hapa. Jina lile halikutoka katika sinema, na Gibson hana hatia hiyo. Lilitoka katika moyo wa mtu wetu, tena huenda mbatizwa, na lilipata nafasi kwa sababu msimulizi aliuliza na taa ilikuwa imezimwa.

Luka peke yake anasimulia habari moja ambayo sinema hupita upesi. Katika sura ya 23, Bwana alipokwisha kufa, anasema kwamba makundi yote ya watu waliokuwa wamekusanyika kutazama, walipoona yaliyotokea, walirudi makwao wakijipiga vifua. Walikuja kutazama, nao wakajipiga vifua vyao wenyewe, si mgongo wa jirani. Na katika karamu ya mwisho, Bwana aliposema kwamba mmoja atamsaliti, Luka anasema walianza kuulizana wao kwa wao ni nani kati yao atakayefanya hivyo. Marko anasema kila mmoja alihuzunika na kuuliza kama ni yeye. Wote kumi na wawili waliona kwamba jambo hilo lawezekana kwao. Sinema haiwezi kutuachia hofu hiyo, maana tangu dakika ya kwanza imekwisha kumpa Yuda uso, na uso huo si wako. Kitabu hakina uso. Kinakuacha umtafute, na ukimtafuta kwa uaminifu utaanzia karibu sana.

Twajua mtatuuliza: basi mwataka nini? Hatutaki mambo makubwa. Tumemwendea mwenye nyumba ya sinema, si kwa vitisho. Ni baba wa watoto sita, na betri ile ndiyo shamba lake, kwa kuwa la kweli hawezi kulifikia kwa sababu ya vita. Tulimwomba kwamba sinema yoyote ya Yesu ikiisha, asifungue mlango kwanza. Awashe taa, na watu wakae nusu saa. Mwenye neno aseme. Aliyependa aseme alichopenda, aliyechukizwa aseme. Na juu ya meza, kando ya televizio, kiwekwe Kitabu, ili kila neno linaloanza na "Yesu alisema" litafutwe humo. Alitujibu kwamba nusu saa inakula betri. Tukasema tutaleta taa yetu.

Msimulizi naye tulimwita. Wengine walitaka aadhibiwe. Sisi tuliona kwamba hakuna katekista hapa anayesikilizwa na watu wengi kama yeye, na kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha. Alisema hakutaja kabila, aliuliza tu. Tukamwambia kwamba nyoka katika bustani ya Edeni naye alianza kwa kuuliza. Akacheka, kisha akanyamaza. Sasa anakuja mafundisho ya Alhamisi, ingawa huchelewa.

Safari ijayo tutaanza na sinema ya mwaka 1979 iitwayo Jesus, ambayo Brian Deacon ameigiza humo. Tumeichagua kwa sababu imefuata Injili moja tu, ya Luka, basi mtu aweza kuishika mkononi akifuata. Tena ipo kwa Kiswahili chake, kati ya lugha zaidi ya 2,000 ilizokwisha kutiwa. Ilitengenezwa na ndugu zetu Waprotestanti, na mwishoni ina sala yao ya kumwalika mtu ampokee Yesu. Wako wazee wanaoogopa sala hiyo. Twawaambia: baada ya yaliyotajwa katika chumba kile, sala ya Mprotestanti si kitu cha kutukimbiza. Watoto wa Kipaimara wamekwisha kupewa kazi ya kuhesabu, je, katika Luka Yuda alipewa vipande vingapi vya fedha? Wasikimbilie kujibu thelathini. Hiyo ni Matayo.

Mama aliyetoka na mtoto wake tulikwenda kumwona. Alitukaribisha, akatupa maziwa. Juu ya sinema hakusema neno, nasi hatukumlazimisha. Tulimwambia siku na saa. Hajatuahidi kwamba atakuja.

Yule aliyepiga kelele kutoka benchi la nyuma twamjua pia, maana Ngungu si mji mkubwa. Kijana wa miaka kumi na tisa. Tulimwomba awe msomaji wa siku hiyo, asome sura ya 22 ya Luka mbele ya watu, kabla picha haijaanza. Alifikiri siku mbili, akakubali, lakini akaomba mwenzake asome habari za Yuda, yeye asome kuanzia pale Petro alipokaa karibu na moto.